Florence Bila Daktari

Mwaka 2017 mimi na mume wangu tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na akiba moja tu benki. Akiba hiyo ilikuwa ya kutafuta mtoto kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza tulitibiwa hapahapa Johannesburg, na zote mbili mimba iliharibika kabla watu hawajaiona. Baada ya ile ya pili nilimwambia nimechoka, mwili na roho, na sindano sizitaki tena.  Siku kadhaa baadaye, jioni, akiwa anaosha vyombo, akaniuliza kama bado nataka kuiona Florence, ule mji wa Italia.

Kama nataka! Nilikuwa nafundisha usanifu majengo chuo kikuu. Kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi picha za kuba la kanisa kuu la Florence, lile la matofali mekundu lililojengwa bila kushikiliwa na kiunzi cha mbao kutoka chini, na kila mwaka alitokea mmoja wa kuuliza, "Wewe umeliona?" Nilikuwa namjibu kwa kwenda picha inayofuata.

Basi akiba ya mtoto ikawa ya Florence. Hatukumwambia mtu. Wote wawili tulijua maana yake, kwamba tukishanunua tiketi hakuna mara ya tatu.

Mume wangu ni mkaguzi wa hesabu, na mapenzi yake huyaweka kwenye jedwali. Alitengeneza moja kwenye kompyuta, kijani kwa makanisa, njano kwa makumbusho, bluu kwa kula. Alipogundua kwamba Jumatatu makumbusho mengi ya kule hufungwa alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Tulipofika kwenye mstari wa ile sanamu maarufu ya kijana wa marumaru aliye uchi, aliuliza, "Dakika kumi si zinatosha?"

"Watu hutoka pande zote za dunia kuja kumwona."

"Kumwona mwanamume aliye uchi. Hata hizo kumi nimekufanyia hisani."

Tulibishana mpaka akakubali nusu saa. Jioni ya mwisho aliiacha bila rangi yoyote. Nilipouliza, alisema hiyo ni ya kukaa kando ya mto bila kufanya lolote. Nilifurahi sana, nasema kweli. Tulikuwa tumekaa miaka mingi tukipanga maisha kwa tarehe za daktari, na sasa tulikuwa tukigombania masaa ya kula.

Tatizo lilikuwa kuwaeleza watu. Kwetu mtu hupanda ndege kwenda Ulaya kusoma, kutibiwa au kuzika. Msusi wangu wa mtaa wa Bellevue, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alisimamisha kitana katikati ya kichwa changu.

"Munaenda kule kuona munganga?"

"Hapana, dada. Hakuna daktari. Tunakwenda kutembea tu, kuangalia majengo ya zamani."

"Aba! Ya zamani? Manyumba yote ya hapa Bellevue ni ya zamani, na inavuja. Hii utaangalia bure!"

Nilicheka, naye akacheka, lakini kwenye kioo nilimwona akinitazama tumboni.

Kisha ukaja ushirika. Sisi Wakenya wa kanisa letu hukutana nyumba kwa nyumba kila Ijumaa, tunasoma neno, tunaomba, tunakula. Anayesafiri husimama akaeleza anakwenda wapi na kwa nini, halafu anaombewa. Ijumaa hiyo tulikuwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa Turffontein. Mume wangu alisimama akasema, "Mwezi wa nne tunaenda Italia, mimi na mke wangu. Mtukumbuke." Akaketi. Kwa nini, hakusema. Sasa wenzangu, ukiwaachia pengo kama hilo wanaume na wanawake waliokuwa wamemsubiri mtoto wako kwa miaka tisa, unadhani watalijaza na nini?

Mama mmoja muuguzi, aliyekuwa mkubwa kwetu wote na mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alinyanyuka machozi yakimlenga. Akanishika kichwa. Aliwataja wanawake wote tasa wa kwenye Biblia, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa wa mwisho kwenye msafara. Aliombea madaktari wa Italia, mikono yao na mashine zao. Alimwomba Mungu atupeleke wawili na kuturudisha watatu. Watu walipaza sauti, na sauti niliyoisikia kuliko zote, iliyoitikia amina kutoka chini kabisa ya kifua, ilikuwa ya mume wangu.

Sikula chapati za watu. Tulipokuwa kwenye gari niliwaka.

"Umeitikia."

"Ni maombi. Mtu si huitikia?"

"Wameombea tumbo langu na wewe ukawashinda wote kwa sauti. Hii safari unaenda kwa kupenda, ama unanihurumia?"

Tulikuwa tumesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani. Taa ikawa kijani na hakuondoka. Wa nyuma alipiga honi, akapiga tena.

"Sijui," alisema, kisha akatia gia.

Wiki hiyo jedwali halikufunguliwa. Tiketi zilikuwa bado hazijalipiwa, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aseme tuache. Niliogopa. Nilikuwa nimeanza kuzoea kukosa mtoto. Nilichoogopa ni kufika Florence na mtu anayeniangalia kama kile kilichobaki baada ya hasara, na kukaa naye kando ya mto nikijua hivyo. Afadhali kuba liendelee kuwa picha.

Ijumaa iliyofuata zamu ilikuwa yetu. Nilikanda unga kwa hasira mpaka chapati zikatoka ngumu. Watu wakaja, wakajibana kwenye makochi, neno likasomwa. Yule mama muuguzi akageukia upande wetu kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, siwezi kumdhulumu.

"Na daktari wa Italia amesemaje, wanangu? Amewapa siku?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu alikuwa ameshasimama, nyumbani kwake mwenyewe, kama mgeni anayetoa ushuhuda.

"Hakuna daktari, mama. Tulikuwa na daktari hapa, na tumemalizana naye. Wiki iliyopita nilikosea, sikuwaambia tunaenda kufanya nini." Alisafisha koo. "Mimi nimemsubiri mtoto. Hata mlipomwombea niliitikia kwa moyo wangu wote, na mke wangu akaumia. Tangu siku hiyo nimejiuliza, Florence naenda na yule ninayemsubiri, ama na huyu niliye naye? Naenda na huyu. Tunaenda kutembea. Kuna kanisa anataka kulipanda mpaka juu. Basi."

 Mtu mmoja aliweka kikombe mezani taratibu kupita kiasi. Yule mama alibaki amesimama, mikono imeinuka nusu, hajui aipeleke wapi.

"Sasa, baba, tuwaombee nini?"

Mume wangu alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kama yuko kazini.

"Mvua," alisema. "Mwezi wa nne kule hunyesha."

Yule mama alinitazama kidogo, akafumba macho. Safari hii hakunishika kichwa. Aliomba mawingu yapite mbali na mji wa Florence, ngazi za kanisa zisiteleze, miguu isichoke. Aliomba jua liwawakie hawa wawili, wapate kula washibe, wafurahi, warudi salama hawa wawili, na hapo alinyamaza bila kuongeza mtu. Nililia mbele ya wageni wangu wote, na mume wangu akanishika mkono, akaendelea kuushikilia hata watu walipofumbua macho, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi mbele ya watu.