Makande ya Mfereji wa Vudee

Nilipohamishwa kutoka Bukoba kuwa mwinjilisti Vudee, miaka ile ya Ujamaa, nilikuwa sijawahi kuonja makande. Jumapili yangu ya kwanza nilihubiri kwa sauti kubwa kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Wazee walitikisa vichwa kukubali, nami nikajiona nimefaulu.

Jumanne asubuhi pembe ililia mlimani. Nikadhani kuna harusi, nikaendelea kusoma zaburi zangu. Saa sita nilipita karibu na mfereji, nikawakuta watu wameketi nyasini, wamekizunguka chungu kikubwa.

"Karibu, mwinjilisti," akasema Mama Eliamani, aliyekuwa akipakua.

Sikungoja kuitwa tena. Niliombea chakula, nikawaombea na maharusi, ingawa sikuwaona. Watu wakaitikia "Amina" huku wakitazamana. Matope miguuni mwao pia sikuyaona, maana macho yangu yalikuwa chunguni. Mahindi yale na maharage, yameungwa kwa maziwa, yalinifanya nizisahau ndizi za kwetu. Namshukuru Mungu kwa ladha ile mpaka leo. Nikaomba sahani ya pili, kisha ya tatu.

Ndipo Mzee Mbwambo akaniuliza kwa upole, "Mwinjilisti, jembe lako umeliacha wapi?"

"Jembe la nini, mzee?"

"La msaragambo. Pembe ilituita sote tuje kuzibua mfereji. Haya ni makande ya waliochimba."

Kijiko kikabaki mdomoni. Mama Eliamani akanipakulia sahani ya nne.

"Mwacheni ale," akasema. "Jumapili atatuhubiria tena neno lile lile."