Mambo Matatu Yasiyo Kwenye Faili

Wanafunzi walimwita Bwana Nani, na jina hilo lilitokana na swali lake. Kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa, awe anapima joto au anabadilisha bandeji, muuguzi huyu wa miaka hamsini na mitatu alisimama upande wa pili wa kitanda, mikono nyuma, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?" Ukitaja ugonjwa, alinyamaza. Ukitaja jina, alinyamaza, maana jina limo kwenye faili. Alitaka mambo matatu ambayo faili halina. Mama huyu hasemi na binti yake, mwaka wa nne sasa. Mzee huyu aliendesha greda, na akisinzia mkono wake wa kulia bado unatafuta gia. Dada huyu hanywi maji kutwa nzima kwa sababu mlango wa choo cha wodi haufungi. Ukimletea jambo kama hilo la mwisho, Bwana Nani aliitikia kwa kichwa, akaenda mwenyewe kutafuta komeo.

Chuoni alipewa saa moja kwa juma, Jumatano saa nane mchana, watu wakiwa wameshiba na kope nzito. Ratiba iliiita Falsafa ya Binadamu. Wanafunzi waliiita Saa ya Kulala, na hawakukosea sana. Katika chumba cha mazoezi, chenye vitanda viwili vya chuma na mwanasesere wa plastiki aliyekatika kidole, alimtaka mmoja wao avue viatu, avae gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni, alale chali, asiseme neno kwa dakika arobaini. Wenzake walimzunguka wakamjadili kama walivyozoea kusikia wodini. Dakika tano za kwanza zilikuwa za vicheko. Kisha vicheko vilikauka, wakazoea, wakaongea juu ya mwili ule kama watu wanaopanga pa kuiweka meza.

"Inuka," alisema mwishoni. "Ulikuwa wapi?"

Kijana mmoja mwenye kifua cha mnyanyua vyuma aliwahi kufikiri muda mrefu kabla ya kujibu. "Mwalimu, mlivyokuwa mnaongea mguu tu, mguu tu, nilianza kujiona mimi ni mguu."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Hakuwa msemaji mzuri. Alirudia maneno, alitafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake. Lakini alijua anachotaka kusema. "Figo utaipima bila kumuuliza mwenyewe," aliwaambia. "Hofu huwezi. Aibu huwezi. Kuna sehemu ya mgonjwa ambayo chombo chako hakifiki, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama atameza dawa zako au atazificha chini ya godoro. Mwili mnafundishwa miaka mitatu. Mimi nimepewa saa moja niwaulize mwili huo ni wa nani."

Aliyemwigiza kuliko wote ni msichana wa mwaka wa pili waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Bwenini alijitundika taulo mabegani, akapinda mgongo, akamsimamia mwenzake anayekula. "Huyu mkate ni nani? Nitajie mambo matatu asiyoyajua mwokaji." Siku moja Bwana Nani alipita dirishani akasimama akamsikiliza hadi mwisho. "Mgongo wangu umepinda zaidi ya hapo," alisema, akaenda zake.

Mahali swali lilipozaliwa hakuna mwanafunzi aliyepajua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwenyewe yuko mafunzoni, baba yake alipolazwa katika wodi aliyokuwa akijifunzia. Daktari alifika na wanafunzi wanane, naye alikuwa mmoja wao. "Ini hili limekwisha," daktari alisema, akagonga reli ya kitanda kwa kalamu. "Andikeni." Akaandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kisha akainua macho na kukuta baba yake anamtazama yeye, si daktari. Saa za kuona wagonjwa zilipofika, mzee alimuuliza swali moja tu. "Mwanangu, na wewe uliandika?" Alifariki Ijumaa. Daftari lile lilikaa chini ya kabati la nyumbani miaka thelathini na moja, na mke wake alijua kwamba haliguswi.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, chuo kilikuwa kimepanga kuiondoa saa ya Jumatano. Mkuu wa chuo, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwita ofisini kumwambia mapema, kwa heshima.

"Mwalimu, sina ugomvi na falsafa. Ila umekuja mfumo mpya wa kompyuta, na saa ya kuufundisha sina. Nionyeshe mgonjwa mmoja aliyepona kwa somo lako, nitalitetea mbele ya bodi."

"Na aliyekufa kwa kulikosa?"

Mkuu alitabasamu. "Hata huyo atanitosha."

Bodi ilikuwa ikae mwisho wa mwezi.

Wiki mbili kabla ya kikao hicho, wanawake wawili wa wodi aliyosimamia walikubaliana jambo dogo la kijirani. Kitanda cha kumi na moja, kando ya ukuta, kilikuwa cha fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye kisukari. Kitanda cha kumi na nne, chini ya dirisha, kilikuwa cha mama mkimya aliyesubiri kuondolewa uvimbe tumboni kesho yake. Fundi alitaka mwanga amalize pindo la gauni la mjukuu. Mama mkimya alikuwa anasikia baridi ya dirishani. "Mwenzangu, si tubadilishane," alisema fundi, na jua la jioni likiwa bado lipo, wakabeba mito yao na vikombe vyao wakahama. Mafaili yalibaki yananing'inia miguuni mwa vitanda. Wodini faili hufuata kitanda, halimfuati mtu.

Asubuhi yake Bwana Nani alirudi kutoka mapumziko ya siku mbili. Nyuso nyingi zilikuwa ngeni kwake. Muuguzi mwenzake alikuwa ameleta taarifa kwamba anaumwa, kwa hiyo wagonjwa ishirini na wanne walibaki mikononi mwake na wanafunzi wawili, mmoja wao Redio, ambaye ilikuwa siku yake ya kwanza katika wodi ile. Saa moja Redio alifika na trei ya sindano kwenye kitanda cha kumi na moja. Akaweka mikono nyuma, akapinda mgongo.

"Mwalimu, leo hatuulizi huyu ni nani?"

Bwana Nani alikuwa kitanda cha pili, dripu imeziba, mgonjwa analia. Hakugeuka. "Leo kamuulize daktari mkuu," alisema, na wodi nzima ikacheka. "Wa kumi na moja, insulini, uniti kumi na nane. Raundi ni saa mbili, jitahidi."

"Hata jina nisiulize?"

"Redio, zima."

Akazima. Mama aliyelala pale aliiona sindano, akageuza uso ukutani, akauma ncha ya shuka. Hakuuliza ni ya nini. Alijua siku hiyo anapasuliwa, na alidhani ndivyo watu wanavyoandaliwa. Dawa ya kushusha sukari ikaingia katika mwili usio na kisukari, ambao haukuwa umekula tangu jana yake.

Chai ilipopita aliikataa, maana alikuwa ameambiwa asile. Raundi ilipopita alikuwa amelala, na daktari akasema wa sukari aachwe apumzike. Saa tatu ndipo sauti ya fundi cherehani ilipotoka kitanda cha dirishani.

"Nyie watoto, chai yangu mmempa nani? Na sindano yangu ya asubuhi, au mpaka nije na barua ya mwenyekiti wa mtaa?"

Redio alianza kucheka. Kisha akaacha, akageuka polepole kukitazama kitanda cha kumi na moja. Bwana Nani alifika kwanza. Shuka lilikuwa limelowa jasho hadi godoroni. Walimwekea glukosi mishipani, waliita madaktari, walifanya yote yanayofundishwa katika miaka mitatu. Alikata roho saa sita kasorobo.

Mkuu wa chuo alimwita tena siku ya nne, akafunga mlango mwenyewe.

"Yule msichana amehojiwa. Anasema ulimwambia afanye haraka. Lakini mwanafunzi akibanwa, utamwamini? Kila mtu hapa anaijua kanuni yako, mambo matatu. Andika kwamba hakuifuata. Basi. Ataondoka, bado mbichi, atapata pengine pa kuanzia. Na mimi nitasimama mbele ya bodi niwaambie mama wa watu amekufa kwa sababu mwanafunzi hakuuliza huyu ni nani. Nani atakayeigusa saa yako? Watakupa mbili."

Bwana Nani aliufungua mlango, akatoka. Kilichomuuma ni kwamba hoja ilikuwa nzima. Kwa miaka yote alikuwa ametafuta namna ya kuwaeleza wenye vitabu vya mwili kwa nini mtu aulizwe, na sasa hoja ililetwa imefunikwa shuka, haihitaji ufasaha wowote.

Nyumbani mke wake alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Alimsikiliza bila kusimamisha mikono.

"Ukibaki, utafundisha wangapi mpaka ustaafu?"

"Labda mia sita."

"Na msichana ni mmoja."

"Ni mmoja."

"Basi hesabu si ngumu."

"Ndiyo maana naiogopa."

Mke alikunja shati, akalipiga makofi mawili kulinyoosha. "Mume wangu, mimi nataka mtu mwenye kazi, nisikufiche. Unajua hali ya hapa ndani. Ila usije ukaamka hapo kesho ukaniuliza mimi kama uliandika vizuri." Akachukua shati lingine. "Nimekaa na daftari moja la namna hiyo. La pili sina pa kuliweka."

Aliandika nusu ukurasa. Aliandika kwamba mwanafunzi aliuliza mara mbili kama mgonjwa aulizwe yeye ni nani, na kwamba mara zote mbili yeye, msimamizi wa wodi, alimkataza. Hakutaja uchovu, wala mwenzake aliyeumwa, wala dripu.

Bodi iliisoma barua ile kwa sauti. Mjumbe mmoja, mtu wa takwimu, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa kama mwenye somo mwenyewe halikumsaidia, litamsaidia nani?" Bwana Nani alisimama. Alikuwa na jibu, na ndilo jibu pekee alilowahi kuwa na hakika nalo: kwamba mtu aliyelijua jambo hili miaka thelathini na moja alilisahau saa moja asubuhi mbele ya vitanda ishirini na vinne, kwa hiyo haliwezi kuwa jambo la kusikia mara moja kwa juma baada ya chakula, kwamba linatakiwa liingie mikononi kama kuosha mikono kunavyoingia, mpaka uchovu usiweze kuling'oa. Alianza kuyasema, polepole, akirudia maneno. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua ukurasa wa ajenda inayofuata. Saa ya Jumatano iliondolewa ndani ya dakika nne.

Yeye alipelekwa stoo ya mashuka, chumba cha chini kisicho na dirisha, kazi yake kuhesabu na kukunja. Redio alibaki chuoni. Hakumwigiza mtu tena; jina lilimbakia kwa mazoea tu. Siku moja alikuja kuchukua mashuka, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Ungeniacha nifukuzwe," alisema. "Ningekuchukia, ningepona."

"Najua."

"Sasa kila kitanda nikikikaribia naiweka trei chini kwanza. Nawauliza mpaka wanachoka na mimi. Jana bibi mmoja ameniambia, mwanangu, mimi nimekuja kutibiwa, sikuja kuposwa."

Bwana Nani alitaka kucheka, na Redio vilevile. Hakuna aliyecheka. Alimhesabia mashuka sita, akamwekea mikononi.

Jumamosi iliyofuata alimtafuta mume wa yule mama aliyefariki. Alikuwa fundi vioo, ana kibanda chembamba chenye meza iliyofunikwa blanketi kuukuu, na vioo vimesimama ukutani vikiakisi barabara. Hospitali ilikuwa imemwambia kwamba moyo ulisimama. Bwana Nani alisalimia, akajieleza ni nani, kisha akamwambia yote: vitanda kubadilishwa, sindano, kicheko cha wodi, maneno aliyoyasema bila kugeuka. Alimweleza hata kanuni yake, kwa kuwa bila hiyo kosa lisingekuwa na ukubwa wake. Yule mtu alisikiliza, kisu cha kukatia vioo kikiwa mkononi.

"Mambo matatu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kila mgonjwa."

"Kila mgonjwa."

"Na mke wangu hukumuuliza."

"Sikumuuliza."

Lori lilipita nje, vioo vyote vikatikisika pamoja. "Kwa hiyo umekuja kuuliza sasa," alisema fundi.

Bwana Nani hakuwa amelijua hilo mpaka lilipotamkwa. Alitaka kukana, akashindwa.

Fundi aliweka rula juu ya kioo, akaisawazisha kwa vidole. "Nitakupa moja. Alikuwa anaogopa sindano. Toka usichana wake. Mimba za watoto wetu wote, akienda kliniki kuchomwa naenda naye mimi, namshika mkono, yeye anageukia ukutani anauma kitu. Siku ile nilikuwa getini. Waliniambia saa za kuona wagonjwa bado."

Bwana Nani alisubiri, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama.

"Mawili ni yangu," fundi alisema. Akainama, akavuta kisu juu ya kioo kwa mstari mmoja mrefu, akakivunja ukingoni mwa meza.