Mama Alisimama Mlangoni

Harufu ya mgongo wazi hunifikia hata leo kabla sijaliona karai. Ndiyo mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na mama aliikaanga kwa kuni nje ya nyumba yetu Kaloleni, akaiuza hapo hapo. Moshi ulikaa kwenye mapazia, kwenye sare yangu, kwenye nywele zake. Nilipokuwa darasa la nne nilianza kukabwa koo. Nikikimbia mchezoni, hewa iligoma kuingia, nikatoa mlio kama bawaba kavu. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu letu lilikuwa pale uani, kila mtu akiliona. Nikalazwa hospitalini, wakasema ni pumu. Shangazi, dada yake baba, akakata shauri. "Mama Atieno, hii moshi ndio inamaliza mtoto. Wacha akae kwangu Migosi." Mama hakubisha. Angebishaje?

Kwa shangazi kulinukia sabuni. Mama alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, ameoga, amebadilisha nguo mpaka kitambaa cha kichwani, na bado alisimama mlangoni akinisalimia kwa mbali. Nikitaka kumkimbilia, shangazi alinishika bega. "Wewe, unataka kulazwa tena?" Nilimchukia, ingawa alinipenda. Nilivuta pampu ya pumu asubuhi na jioni, na koo likaendelea kunibana vilevile, katika nyumba isiyo na moshi hata wa mshumaa. Kuuliza si ujinga, lakini hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza hatimaye ni daktari wa watoto, mama mmoja asiye na haraka. "Atieno, kuvuta hewa ndani na kuitoa nje, gani ndio ngumu?"

"Kuvuta."

Akanikimbiza kwenye korido mpaka koo likabana, kisha akapitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Nyuzi za sauti, zinazopaswa kufunguka nikivuta pumzi, zilikuwa zinajifunga. Mapafu yalikuwa mazima. Tiba ikawa mazoezi: legeza mabega, vuta taratibu kwa pua, toa kwa midomo kana kwamba unapoza uji. Kufikia likizo ya Desemba nilikimbia bila shida, nikarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwomba mama radhi, na hilo linanikera mpaka leo.

Siku hizi naimba kwaya, na pumzi yangu haina neno. Mama bado anakaanga. Nimemweleza mara nyingi kwamba moshi wake haukuwa chanzo, naye huitikia, "Nimesikia, mama." Lakini nikimkumbatia, yeye hubana pumzi mpaka nimwachie.