Jua Nililolikimbia

Nilianza kuanika dagaa huku Ilemela nikiwa na darasa la tatu na mgongo mzuri. Jua lilinichoma mpaka nikaapa kwamba nikipata hela, kitu cha kwanza kununua kitakuwa kivuli. Nikakinunua. Leo vichanja vya dagaa pale mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, ni vyangu, wanaogeuza ni vibarua wangu, na kwa miaka mimi nilikuwa nashinda ofisini, pazia limeshushwa. Nilipopata kisukari niliacha soda, nikabaki na chapati na kiti.

Mwaka jana kliniki walinipima damu na kunipiga picha ya tumbo. Daktari, kijana wa umri wa mjukuu wangu, alinipa shikamoo kwanza, halafu akasema ini langu limejaa mafuta. Nikamwambia sijaonja pombe tangu nizaliwe. Akasema hajataja pombe. Wenye kisukari na kitambi tatizo hilo linawapata hata bila pombe. Tena nina upungufu wa vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Nikacheka. Mimi, nikose jua?

"Bibi, mara ya mwisho kutoka nje mchana ni lini?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Akasema ini bado linaweza kupona, ila nikiendelea kukaa litapata makovu, na hayo hayafutiki kirahisi. Akaniandikia vidonge, akanipunguzia chapati, akataka nitembee nje kila siku.

Kutembea bure siwezi. Mtu anatembea akiwa na kazi. Kesho yake nikavua viatu vya ofisini, nikaenda kwenye vichanja. Vibarua wakaacha kugeuza. Mmoja, mama mwenye mdomo, akauliza kama nimefilisika au nimekuja kupunguza watu. Nikamwambia ini langu lina mafuta kuliko sangara, anipishe. Wakacheka, wakanipa kichanja cha mwisho. Yule mama akatangaza kwamba nageuza dagaa kama anayesonga ugali. Nikageuza hivyo hivyo, na kila asubuhi tangu hapo.

Juzi nilirudi kupimwa. Mafuta ya ini yamepungua, hayajaisha, na vitamini imepanda. Nikafika mwaloni jua limeshakuwa kali. Vichanja vyote vimegeuzwa, changu hakijaguswa.

"Bosi," akasema mwenye mdomo, "sisi tukichelewa unatukata hela. Na wewe je?"

"Nikateni," nikamwambia, nikainama kwenye dagaa zangu.