Kufuli ku Poshete ya Yaya

Bale batu ba studio ya Mbarara banafikiri mutu akitoka Nakivale, kambi yetu ya bakimbizi, kazi yake ni kulia. Nasema hivi na sitaki mutu anitulize.

Dada yangu mukubwa, mie namuita yaya, anaimbaka mu orkestre yetu ya huku kambini. Balipomaliza kurekodi ku studio moja ya Kakiika, pale Mbarara, akaniambia poshete ya CD, ile karatasi ya kuifunika, nitachora mie. Mie sikusomea kuchora fasi yoyote. Nilijifundisha ku telefone yenye kioo cha kupasuka. Lakini alinipa mie, na aliniomba kitu kimoja tu: mutu akishika ile CD, asimuhurumie. Alikuwa amechoka na foto za huruma.

Njo nikaanza kusikiliza. Mbele ya kuchora hata mustari, nilibeba zile nyimbo mu masikio nikipalilia maharagi, nikingoja maji ku bomba. Nikajua wimbo gani ni ya ndoa, gani inacheka bwana mwenye kununua kofia wakati nyumbani hakuna unga. Wimbo kubwa yenyewe inaitwa "Mulango Yetu". Basi nikachora mulango: mbao, rangi ya buluu, hata misumari. Nikajiona fundi.

Muzee mwenye kupiga gitare akaangalia, akacheka mpaka akaweka gitare chini. Mie nilikuja hapa mutoto, mulango nilijua ni ya nyumba tu. Akanieleza kwamba mu ile wimbo mulango ni ukoo, bale bote ba babu moja. Njo maana yaya anaita majina mingi vile, ba Fizi, ba Uvira kule tulitoka, na bale banazaliwa huku.

"Yale majina yote," akaniuliza, "ulifikiri ni ya bafundi ba mbao?"

Nikafuta yote. Nikachora batu bamesimama bega kwa bega, bamama, bababu, mutoto mu mugongo, yaya katikati, kinywa wazi. Yaya akaangalia sana, akasema huyu njo yeye mwenyewe.

Tukaenda Mbarara, mie na yeye. Bosi wa studio alikuwa na poshete yake tayari ku kompyuta: mulango yenye kufuli kubwa, nyuma hema, chini mutoto na machozi. Akasema watu ya nje wanapenda hiyo, inauza. Nikamuuliza ni wimbo gani inasema hema. Akasema zote. Nikamuomba aimbe moja, hata kiloko, mustari moja tu. Akaanza kugusa-gusa kompyuta.

"Kijana, wewe nani alikufundisha kuchora?"

"Na weye nani alikukataza kusikiliza?"

Yaya akanivuta shati. Nilikuwa nimeshasimama. Nikamwambia mambo mingine yenye siandiki hapa, juu mama anaweza kusomewa. Bosi akasema basi, mashine ni yake, na bila ile mulango hachapi kitu. Nikamuangalia yaya. Niliogopa atakubali, juu alingojea ile CD kuliko sisi bote.

Akaomba kiti. Akakaa, akaimba ile wimbo yote bila gitare, polepole, akimuangalia bosi mu macho. Majina yote, ya bazima na ya bale tuliacha njiani. Bosi alijaribu kushika telefone yake, akairudisha. Kisha yaya akamuuliza, akimuita bwana kwa luga ya huku:

"Sasa, sebo, mu hawa batu, kufuli unafungia nani?"

Bosi akanyoosha mukono, bila kunitazama, nikampa flashi yenye picha yangu. Akasema kale, ni sawa, lakini wanunuzi hawataelewa. Yaya akasema banunuzi bake bataelewa.

CD zikaja Nakivale mu boksi. Mbele, picha yangu, safi. Nikageuza. Nyuma, chini ya majina ya nyimbo, ule bosi aliongeza maneno yake, herufi kubwa: MACHOZI YA KAMBI. Hakutuuliza. Mu ile CD hakuna machozi hata ku wimbo moja, ningekuonyesha.

Nikakaa chini na kalamu nyeusi, ile nene, nikaanza kufuta, CD moja moja. Yaya akasema niache, nitaharibu, batu bataona ni uchafu. Sikuacha. Nikamwambia bora uchafu yetu.

Akasimama pale akiniangalia. Halafu akaniuliza kama kuna kalamu ingine.