Kondoo Watano wa Mlima Sorrel

Kondoo mmoja huhesabiwa mara moja. Hiyo ndiyo sheria ambayo Orrin Haugstad aliwaambia wawindaji wapya kabla hajamkabidhi yeyote darubini, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona akiivunja.

Kila Machi, theluji ilipoanza kuachia miteremko ya kusini, watu wa kujitolea walipanda Mlima Sorrel kuwahesabu kondoo mwitu kwa ajili ya idara ya wanyama. Wengi walikuwa wanafunzi wa uwindaji. Hawakubeba bunduki. Waliketi juu ya jiwe saa tano mfululizo, wakajifunza kumtambua dume mzee kwa mkunjo wa pembe zake, na wakajifunza pia kwamba sehemu kubwa ya uwindaji ni baridi ya makalio. Orrin alisema asiyeweza kumtazama mnyama kwa saa tano hana haki ya kumtazama kwa dakika moja juu ya mtutu wa bunduki.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Mkewe, Sunniva, alikuwa amekufa miaka minne nyuma, na tangu hapo nyumba ile ya mwisho barabarani haikutembelewa na mtu ila Lyle Pruett. Lyle alikuja kila Jumapili adhuhuri, sufuria ya nyama ya kulungu mkononi, akaingia bila kubisha hodi. Walikula, wakabishana kuhusu risasi na hali ya hewa, kisha Lyle akalala kwenye kiti cha Sunniva hadi jua lipinde. Siku sita zilizobaki Orrin alizungumza na birika.

Lyle naye alikuwa na jambo lake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameingia kwenye kura ya kibali cha kuwinda dume mmoja wa Sorrel, na kila mwaka aliokosa ulimwongezea nafasi. Mwaka huu hakuna aliyekuwa na nafasi nyingi kama yeye. Goti lake la kulia lilikuwa limebakiza kiangazi kimoja cha kupanda. Daktari alimwambia hivyo, naye hakumficha Orrin. Lakini masharti yalikuwa wazi: wakihesabiwa chini ya kondoo sitini, kibali hakitolewi mwaka huo.

Siku ya hesabu Orrin alikaa katikati, Lyle akapewa mteremko wa kaskazini, na wa kusini akapewa Maris Dufek, muuguzi wa mjini ambaye alikuwa hajawahi kuua hata sungura. Wengine sita walitawanywa chini mabondeni.

“Mzee Orrin,” Maris aliuliza, “na nikimwona mmoja nisiyemjua kama ni dume au jike?”

“Andika kwamba hujui. Kutojua si dhambi.”

“Msikilize mchungaji,” Lyle alisema, akijikokota na fimbo yake. “Dada, huyu bwana kanisani haendi, lakini mahubiri anayo ya kutosha kata tatu.”

“Wewe chunga goti lako.”

“Goti langu linakusalimu.”

Walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Saa saba walikusanyika kwenye pikapu ya Orrin, akatandaza fomu juu ya boneti. Jumla ilikuwa sitini na wawili. Lyle alivua kofia, akafuta uso. Midomo ilimtetemeka kama ya mtoto aliyeahidiwa safari.

Orrin hakutia sahihi. Alisoma tena, kidole kikitembea mstari hadi mstari. Fomu ya Maris: saa tatu na dakika tano, majike watatu na wana wawili, wanapanda kuelekea pengo la mlima, wanakwenda kaskazini. Pembeni alikuwa amechora kichwa cha jike mmoja, pembe ya kushoto imevunjika nusu. Fomu ya Lyle: saa tatu na nusu, majike watatu na wana wawili, mmoja ana pembe iliyovunjika. Mahali pa kuandika walikotokea, Lyle alikuwa ameacha wazi.

“Lyle, hawa watano walitoka wapi?”

“Walikuwa pale.”

“Pale hawakuota. Walishuka kutoka kwenye pengo?”

“Pembe zilizovunjika ziko nyingi mlimani, ndugu yangu.”

“Ya kushoto, na wana wawili, dakika ishirini na tano baadaye?”

Lyle alitazama viatu vyake. “Orrin. Wewe na mimi tunajua kuna kondoo zaidi ya sitini humu. Wako nyuma ya majabali. Hawakutaka tu kutoka leo.”

“Huenda wako. Sikuwaona.”

Maris alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. “Mimi ni mgeni,” alisema. “Labda niliona vibaya. Ule mchoro naweza kuufuta.”

“Uliona au hukuona?”

“Niliona.”

“Basi usifute. Anayeongeza kondoo kwa kalamu, kesho atampiga dume asiyetimia umri na kuapa kwamba ametimia. Ukitaka kuwinda, anzia hapa.”

Aliwakata kwa mstari wale watano wa kaskazini, akaandika hamsini na saba, akatia sahihi. Kalamu iliganda katikati ya jina lake, akaipulizia pumzi, akamalizia.

“Miaka thelathini na mmoja,” Lyle alisema taratibu.

“Najua.”

“Hujui. Ungejua, kalamu ingekushinda.” Alivaa kofia yake. “Haya, kaa na sheria yako. Jumapili ikupikie.”

Orrin alikuwa sahihi. Hilo halina mjadala, na Lyle mwenyewe hakuwahi kudai kwamba wale kondoo walikuwa wengine. Mtu anaweza kujua kwamba umetenda haki na bado asikusamehe.

Jumapili iliyofuata Orrin alitoa sahani mbili. Adhuhuri ilipita. Akakaanga mayai, akala amesimama. Jumapili ya pili alitoa sahani mbili tena, na ya tatu. Mwezi Juni alikwenda hadi langoni kwa Lyle, akaona pazia likisogea, akangoja, mlango usifunguliwe.

Mwaka uliofuata walihesabiwa sitini na wanne, na Maris ndiye aliyeshika fomu kuu, akiuliza kila mtu kondoo wake walitokea wapi na walielekea wapi. Kibali kilitolewa. Lyle hakuingia kwenye kura. Goti lilikuwa limekwisha, na bunduki yake, mwenye duka alisema, aliiuza Februari. Miaka sita baadaye alihamia kwa dada yake, jimbo jingine. Orrin alizipata habari hizo pia dukani, akinunua mayai.

Kuwafuta kondoo watano wasiokuwapo kulimgharimu Orrin mtu pekee aliyeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi.