Hodi Niliyopiga Mahali Pasipo Mlango

Jamani, leo nusura niamkie miguuni mwa ndovu!

Nasema mimi, anaandika Mwanamisi, mke wa mwanangu. Nimemkataza kupunguza neno.

Jana mimi na watu wa nyumbani tulifika kwenye lambo la huku Kinango, nchi kavu kama koo la mfungaji, tulale hemani. Mimi, tangu tupate uhuru sijalala nje kwa hiari yangu.

Pa kuweka hema nilichagua mwenyewe. Mchanga laini, maji karibu.

Mwanamisi akasema, "Mama, twende kule juu."
"Nenda wewe mwenye magoti."

Lakini mimi siketi mahali pa watu bila kubisha hodi. Nikavielekea vichaka, nikaita, "Hodi!"

Wakanicheka wote. Hodi porini, mlango uko wapi?

Kichakani kukajibiwa, "Karibu!"

Akatoka mama mmoja na mbuzi wake. Tukaamkiana, tukaulizana watoto, ndipo akasema, "Dada, hapo ndipo wapitapo ndovu wakija kunywa."

Nilipanda juu mbio, na magoti yangu haya haya.

Asubuhi tumeshuka kutazama. Pale nilipotaka kuweka mto wangu pana mavi ya ndovu, bado yafuka moshi.

Yule mama naye alikuwapo. Nikamkumbatia mpaka mtandio ukamwanguka.

"Nisingebisha je?"

"Nilikuwa nishageuza mbuzi niende zangu, sikuwaona ninyi. Nilirudi kwa kuwa abishaye huitikiwa."

Mwenyezi Mungu amzidishie, yeye na mbuzi wake.

Walionicheka jana, leo wanabisha hata kwenye hema. Nanyi mngebisha? Semeni kweli.